Maumivu Yasiyokwisha na Kazi Isiyongoja

Mwezi huu twataka kuzungumza juu ya watu ambao hawamo hospitalini, wala hawamo katika hesabu ya wazima. Ni wale waamkao alfajiri na maumivu yale yale waliyolala nayo, kisha wakachukua jembe, au chaki, au sindano ya cherehani, wakaenda kazini pamoja na wenzao. Hawana bandeji wala gongo. Ukiwauliza habari husema njema, na pengine hilo ndilo jibu lao tangu miaka kumi.

Mazungumzo haya twayaweka Kabanga, katika wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za Kigoma, kwa sababu huko jambo hili laonekana wazi kuliko mjini. Pana hospitali ya misheni ya Kikatoliki na pana chuo cha ualimu, na ukitoka hapo pande zote ni mashamba ya Waha: mahindi, maharage, muhogo, migomba na kahawa. Mvua huanza mnamo Oktoba au Novemba, hukoma karibu na Mei, na katika miezi hiyo ardhi haimsubiri mtu apone mgongo. Aliyechelewa kupanda ataliona kosa lake jikoni mwezi wa Agosti. Basi mkulima wa huko, na zaidi mkulima mwanamke, hana nafasi ya kuuliza kama anaweza kufanya kazi. Kinachobaki kwake ni kuuliza ataifanyaje.

Waganga wa leo huyaita maumivu ya kudumu yale yaliyozidi miezi 3. Tangu Januari 2022, katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, maumivu ya namna hii yamepewa nafasi yao wenyewe, hayahesabiwi tena kuwa kivuli tu cha ugonjwa mwingine. Hili si jambo dogo. Kwa miaka mingi mgonjwa alipigwa picha ya mgongo, picha ikatoka safi, akaambiwa hana kitu, akarudi nyumbani na maumivu yake na juu yake aibu ya kudhaniwa mwongo. Sasa wataalamu husema kwamba mishipa ya fahamu yenyewe yaweza kuzoea kupiga mbiu, ikaendelea kuipiga hata baada ya jeraha la kwanza kupona. Mfano wake ni mlinzi aliyeibiwa usiku mmoja, na tangu siku hiyo hupiga yowe kila jani likidondoka. Yowe ni la kweli, na wenye nyumba huamka kweli, ingawa mwizi hayupo. Na wenye msiba huu si wachache: kwa maumivu ya kiuno na mgongo peke yake, hesabu ya dunia nzima kwa mwaka 2020 ilikuwa watu milioni 619, na hakuna ugonjwa mwingine uwafanyao watu wengi zaidi kuishi na upungufu wa uwezo wao.

Twataka kusimama kidogo kwenye historia, kwa kuwa twaona ndani yake chanzo kimoja cha taabu hii. Katika zama za ukoloni nchi ya Waha ilikuwa mojawapo ya mahali palipochotwa watu wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha ofisi yao ya kuandikia watu kazi, iliyojulikana kwa jina la SILABU, na vijana wa Kasulu na Kibondo wakapakiwa katika gari moshi kwenda mashariki. Hao ndio walioitwa manamba. Kazi yao ilipimwa kwa kipande, yaani kadi yenye nafasi 30, kila nafasi ni siku moja ya kazi iliyotimizwa. Aliyekata mkonge akafikisha kiasi kilichowekwa, siku yake ilitiwa alama. Ambaye kiuno kilimshika adhuhuri akabakisha kidogo, hiyo haikuwa siku. Nusu haikuwapo.

Mashamba yale mengi yamekwisha, na waliokwenda huko wengi wamefariki. Lakini kipimo chao, kwa maoni yetu, kingali kikiishi katika nyumba zetu. Twasema mtu amelima, au hakulima. Mke amepika, au hakupika. Mwenye maumivu naye amejitia katika hesabu hiyo hiyo: ama amemaliza tuta lote, ama siku yake imepotea. Ndipo tunapoona jambo ambalo kila mwenye ndugu wa namna hii amelishuhudia. Siku akiamka na nafuu hufurahi, akalima tangu asubuhi hadi jua kuwa la utosi ili afidie siku zilizopita. Kesho yake haamki, wala kesho kutwa. Siku ya nne akipata nafuu hurudia yale yale. Mwisho wa mwezi amelima siku sita, na amelala nyingi kuliko hizo, na kila safari nafuu huja imechelewa zaidi.

Wajuzi wa tiba ya maungo wameliona hili katika nchi zote, na shauri lao ni jepesi kulisema, gumu kulifuata. Kazi ipimwe kwa muda wala isipimwe kwa mwisho wake. Na muda huo uamuliwe kabla ya kuanza, mtu angali na utulivu, usiamuliwe na maumivu yenyewe.

Tuseme yupo mama mmoja hapo Kabanga, umri wake miaka hamsini na kitu, kiuno chaanza kumuuma baada ya kuinama nusu saa. Basi na alime dakika ishirini, asimame, anyooshe mgongo, atembee hadi kwenye migomba na kurudi, au akae apukuchue mahindi kidogo, kisha arudi kwenye jembe. Siku ya nafuu na alime dakika ishirini zile zile, hata moyo ukimwambia aongeze. Hili ndilo gumu. Siku ya dhiki na alime dakika ishirini pia, au kumi, lakini asilale kutwa. Wiki ikipita salama, aongeze dakika mbili au tatu. Jirani atakayepita njiani atamwona anakwenda na kurudi kama mtu asiyejua atakalo. Na aone.

Kulala kitandani siku nyingi, ambako zamani hata madaktari walikuwa wakikuamuru, sasa wamekuacha, kwa kuwa mgongo usiotumika hulegea misuli yake na maumivu huzidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 kwa maumivu ya kudumu ya kiuno wayaweka mbele mafundisho ya kujitunza na mazoezi ya mwili, na haushauri ile mikanda ya kufunga kiunoni ambayo watu huinunua kwa fedha nyingi.

Kisha viangaliwe vyombo. Mpini wa jembe ukiwa mfupi, mlimaji hukunjika kama kisu cha kukunja. Mpini ukirefushwa shubiri moja au mbili, kiuno hupumzika, na bei yake ni mti mmoja na nusu saa ya panga. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji, nayo huwekwa juu ya shingo ya mtu ambaye hatungempakia mzigo huo kama angekuwa punda wetu mgonjwa. Madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, kwa safari zaidi, ni afadhali; na kijana mwenye baiskeli akiweza kuchota ya nyumba mbili, ni afadhali zaidi. Muhogo wamenywa mtu akiwa ameketi juu ya kiti chenye kimo, kwa nini aketi juu ya kigoda kinachomlazimisha magoti kufika kidevuni? Maharage hupurwa kwa fimbo, na kazi ile humwumiza mwenye bega bovu. Lakini kuyapepeta na kuyachambua haimwumizi. Katika kazi ya ujima, ambapo majirani hulimiana kwa zamu, mwenye maumivu hujiona hana la kuchangia, akajitenga, na shamba lake likabaki peke yake. Na achambue mbegu za wote. Na awapikie walimaji. Hapo hatakuwa mwombaji, atakuwa na deni lake analolipa kwa namna nyingine, na majirani wenye akili hawatalidharau.

Twajua wapo watakaosema kwamba haya ni kumdekeza mtu. Kwao twauliza swali moja. Imran bin Huswain, sahaba mashuhuri, alikuwa na maradhi ya basuri, akamwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya swala, naye akaelekezwa kwamba asimame, na akishindwa akae, na akishindwa alale ubavu. Waislamu wote waijua ruhusa hii, na hakuna msikiti usio na mzee aswaliye juu ya kiti pasipo kuchekwa na mtu. Sasa ikiwa katika ibada iliyo nguzo ya dini hali ya mwili imehesabiwa, na ibada ikabaki ibada kamili, imekuwaje mzee huyu huyu akitoka msikitini aone haya kupalilia ameketi? Nani aliyempa tuta la maharage heshima kubwa kuliko swala?

Upande wa pili wako watu wa nyumbani wenye huruma iliyopita kiasi. Hawa humnyang'anya mgonjwa kila kitu mkononi: mama usiguse, baba kaa. Nia yao ni njema, na twawaombea malipo ya nia yao. Lakini mtu aliyekuwa akijulikana kwa kahawa yake, au kwa mikeka yake, akigeuzwa kuwa mtu wa kuangaliwa tu kwenye kiti, hubakiwa na shughuli moja kutwa nzima, nayo ni kuyasikiliza maumivu yake. Mume mwema, au mtoto mwema, aulize asubuhi: leo utafanya lipi, nami nifanye lipi? Na akijibiwa, asadiki. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliye nje hana ratili ya kuyapimia maumivu ya mwenziwe, na kumkadiria kwa kumtazama uso ni kubahatisha. Wengi hucheka vizuri kabisa hali wanaumwa.

Katika hili la kusadiki, lugha yetu ina hazina ambayo hatuitumii. Sheikh Ibn Sina, tabibu mkubwa wa Kiislamu, katika kitabu chake cha Qanuni alizitaja aina 15 za maumivu, kwa kuwa aliona kila aina yaelekeza kwenye sababu yake. Nasi twamwambia daktari neno moja tu, inauma. Ilhali Mswahili anajua kwamba kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo hunyonga, ubavu huwa na kichomi, jino hukeketa, kidonda hutoneka, mguu hufa ganzi, na nyayo za mwenye kisukari huwaka moto. Maumivu ya goti yanayozidi kwa kutembea na kupoa kwa kukaa si sawa na yale yanayomshika mtu asubuhi, viungo vikawa vigumu kwa saa nzima kabla ya kulegea. Hayo ya pili ndiyo huenda yakawa baridi yabisi yenyewe, ile ivimbishayo viungo vya vidole vya mikono yote miwili, nayo ina dawa zake ambazo zikianzwa mapema huokoa viungo visipindike. Mambo haya mawili huitwa kwa jina moja mitaani, na kwa jina hilo moja wagonjwa wamepotea njia.

Na kwa kuwa tumemtaja Ibn Sina, habari ya mwisho wake yatufaa, kwani iliandikwa na mwanafunzi wake al-Juzjani aliyekuwa naye. Sheikh alishikwa na maumivu makali ya matumbo, na wakati huo mtawala aliyekuwa akimtumikia, Alaud-Dawla, alikuwa safarini vitani. Kwa kuchelea kuachwa nyuma na msafara, Ibn Sina alijitia dawa ya kuosha matumbo mara 8 katika siku moja, hata matumbo yakachubuka. Akapata nafuu, akarudia kazi na safari kabla ya nguvu kurejea, maradhi yakamrudia, na mwaka 1037 akafariki Hamadan. Aliyekuwa ameandika juu ya maradhi hayo hayo, na aliyejua kipimo cha kila dawa kuliko watu wote wa zama zake, alikiruka kipimo kwa sababu kazi ilikuwa haingoji.

Leo safari ile hurudiwa kila siku ya soko. Mtu huingia duka la dawa, akaomba diklofenaki au jamaa zake, akameza mbili asubuhi ili afike shambani, na mbili jioni ili alale, mwezi baada ya mwezi. Dawa hizi ni nzuri kwa siku chache na kwa kipimo. Zikitumiwa kwa muda mrefu bila kuangaliwa hutoboa tumbo kwa vidonda, huumiza figo na hupandisha shinikizo la damu. Na mwenye vidonda vya tumbo, mwenye figo dhaifu, na mama mwenye mimba kubwa wajihadhari nazo kabisa. Parasetamo, ambayo watu huidharau kwa kuwa ni rahisi, nayo ina mpaka wake: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku moja, la sivyo ini litadhurika. Hatari kuliko hizo ni vidonge vya jamii ya steroidi, ambavyo baadhi ya watu huuziwa bila kujua. Siku tatu mgonjwa huruka kama ndama. Baada ya miezi uso huvimba ukawa wa duara, mifupa hulegea na sukari hupanda. Wala zisiachwe ghafula mtu akiwa amezizoea, yampasa amwone daktari azipunguze kidogo kidogo. Na anayekusudia kufunga Ramadhani hali yuko katika dawa, aende kwa daktari mwezi wa Shaabani apangiwe nyakati, asingoje mpaka tumbo tupu limweleze.

Juu ya walioajiriwa, mfano wa walimu wa shule na wauguzi, maneno yetu ni machache, kwani sheria imeandikwa. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mfanyakazi anayestahiki ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, na 63 kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari. Kanuni za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa sababu ya afya, afikirie kwanza kama kazi yaweza kurekebishwa au kama ipo nyingine imfaayo. Na tangu Julai 2015 upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa wale walioumia au kuugua kwa sababu ya kazi yenyewe. Mwalimu ambaye miguu yake haistahimili kusimama vipindi sita na aombe kiti cha kimo kirefu na ubao ulioshushwa, na aombe kwa barua, aweke nakala. Lakini tusijidanganye: wengi wa watu wa Kabanga mwajiri wao ni mvua, na kwake hakupelekwi cheti.

Limebaki jambo la kuhadharisha, tusije tukamfanya mtu avumilie lisilopasa kuvumiliwa. Maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, yachunguzwe kwa haraka, kwani kifua kikuu huingia hata katika uti wa mgongo, nacho hutibika. Mgongo unaouma na miguu ikapoteza nguvu, au haja ikatoka bila kuzuilika, huo ni wa kupelekwa hospitali siku ile ile. Katika nchi ya wafugaji kama Kasulu na Kibondo, homa zinazokuja na kwenda pamoja na viungo kuuma huenda zikawa ugonjwa wa brusela, utokanao na ng'ombe na mbuzi na maziwa mabichi. Maziwa yachemshwe hata mwenye ng'ombe akiapa kuwa ng'ombe wake hana kasoro. Na mtoto anayelia mifupa mara kwa mara, mikono na miguu ikavimba, macho yakawa manjano, apimwe selimundu. Watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huo Tanzania kila mwaka, na dawa ya haidroksiyurea hupunguza vipindi vya maumivu yao. Mtoto huyo atakua, atataka kusoma na kufanya kazi kama wenzake, na kumwita mvivu kwa sababu hakwenda kuchota maji siku ya baridi ni dhuluma.

Anayekwenda hospitalini na achukue mfuko wenye pakiti za dawa zote alizokwisha kutumia, pamoja na za mitishamba, asifiche hata moja kwa kuogopa kukaripiwa. Na ajitayarishie majibu ya mambo matatu: maumivu yalianza lini, kazi gani huyazidisha, na saa ngapi aweza kufanya kazi kabla hayajamsimamisha. Hilo la tatu madaktari wengi hawaliulizi kwa wingi wa watu mlangoni, basi alitaje mwenyewe.